Orvieto, mji juu ya jabali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Orvieto uko wapi, na kwa nini watu walijenga juu kiasi hicho?

Uko katika mkoa wa Umbria, katikati ya Italia, kwenye njia ya reli kati ya Roma na Firenze, karibu zaidi na Roma. Mji wa kale umekaa juu ya jabali lenye kuta wima, mita 325 hivi juu ya usawa wa bahari. Urefu wake ni kilomita moja na nusu, na upana haufiki kilomita moja.

Jiwe la jabali hilo huitwa tufo. Ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana yakawa jiwe la rangi ya manjano na kahawia, laini kiasi kwamba linachimbika kwa sululu. Chini ya tufo kuna udongo wa mfinyanzi, na maji ya uhakika yako chini zaidi. Ukishika mambo hayo matatu, mengine yote ya Orvieto yanaeleweka: kuta za asili zilizowazuia maadui, mapango chini ya kila nyumba, visima virefu kupita kawaida, na hofu ya mji kumomonyoka.

Ni nani waliokaa hapa kwanza?

Waetruski, waliouita Velzna. Warumi waliuita Volsinii, na mwaka 264 KK waliubomoa na kuwahamishia waliosalia kando ya ziwa, mahali panapoitwa Bolsena leo. Kulikuwa na tuhuma ya kale, iliyonukuliwa na mwandishi Mrumi Plinius, kwamba kilichowavuta Warumi ni sanamu 2,000 zilizokuwa mjini. Baadaye watu walirudi juu, na mahali pakaitwa kwa Kilatini Urbs Vetus, yaani “mji wa zamani”. Ndipo lilipotoka jina Orvieto.

Wageni wengi huyapita makaburi ya Waetruski bila kujua, nayo yako chini tu ya ukuta wa kaskazini wa jabali, mahali paitwapo Crocifisso del Tufo. Ni ya karne ya 6 KK, yamepangwa kwa mitaa iliyonyooka kama mji mdogo wa wafu. Kila chumba kina mlango na mabenchi ya mawe ya kulazia maiti, na juu ya mlango limechongwa jina la mwenye kaburi, likisomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Maandishi mengi huanza na neno “mi”, na maana yake ni “mimi”: kaburi lenyewe ndilo linalosema, “mimi ni wa fulani”. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kwa neno hilo, ingawa lugha hizi mbili hazina undugu wowote.

Mapapa walifuata nini mji mdogo kama huu?

Usalama. Roma ilikuwa na fujo za koo kubwa na majeshi ya wafalme, na Orvieto ina ukuta wa asili pande zote. Papa Urbano IV alikaa hapa miaka ya 1262 hadi 1264. Bonifasi VIII alimtangaza Mfalme Louis IX wa Ufaransa kuwa mtakatifu hapahapa mwaka 1297. Klementi VII alikimbilia hapa mwishoni mwa mwaka 1527, baada ya Roma kuporwa na askari wa Kaisari Karolo V, na ni hapa wajumbe wa Henry VIII wa Uingereza walipomfuata mwaka 1528 wakitaka ndoa ya mfalme wao ibatilishwe.

Usidhani mji ulikuwa na amani muda wote. Koo za Monaldeschi na Filippeschi zilipigana mpaka mshairi Dante akazitaja. Tauni ya 1348 iliua wengi, kisha Kardinali Albornoz akauweka mji chini ya Papa kwa nguvu na kuamuru ngome ijengwe, ambayo kazi yake ilianza 1364. Ngome hiyo sasa ni bustani isiyo na kiingilio, palepale inapoishia juu treni ya kamba inayopanda jabali kutoka stesheni. Orvieto ulitoka mikononi mwa mapapa mwaka 1860, Italia ilipokuwa inaunganishwa.

Ni kweli Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo ilianzia hapa?

Ni kweli, ila kwa maelezo. Hati ya kuifanya sherehe hiyo kuwa ya Kanisa zima, iitwayo Transiturus, ilitolewa na Urbano IV akiwa Orvieto mwezi Agosti 1264. Kwa hiyo maandamano ya Ekaristi yanayofanyika kila mwaka katika parokia za Afrika Mashariki yana asili yao katika mji huu. Mapokeo yanasema pia kwamba mwanateolojia Thomas Aquinas, aliyekuwa akifundisha hapa wakati huo, ndiye aliyetunga sala na nyimbo za siku hiyo, ukiwemo ule unaomalizikia na Tantum Ergo.

Simulizi maarufu ni ya muujiza wa Bolsena wa mwaka 1263: padre kutoka Bohemia, aliyekuwa na shaka juu ya Ekaristi, aliona damu ikidondoka kutoka kwenye hostia, yaani mkate wa Ekaristi, juu ya kitambaa cha altare, na kitambaa kikaletwa kwa Papa Orvieto. Kitambaa hicho kimo ndani ya kanisa kuu hadi leo. Hata hivyo, hati yenyewe ya Papa haiutaji muujiza huo hata kwa neno moja, na sherehe ilikuwa imeshaanza kuadhimishwa tangu 1246 huko Liège, mji wa Ubelgiji ya leo ambao Urbano aliwahi kuutumikia kabla hajawa Papa. Mwongoza wageni akikuambia kwamba muujiza peke yake ndio uliozaa sherehe, amefupisha mno.

Kanisa kuu lina nini cha pekee, na nianze kutazama wapi?

Anza nje, na uende alasiri. Uso wa kanisa unatazama magharibi, hivyo asubuhi uko kivulini na dhahabu ya mozaiki haiwaki. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaupiga moja kwa moja. Watu wanaoshuka kwenye mabasi ya watalii saa nne asubuhi huondoka na picha zilizopauka, halafu wanashangaa sifa zilitoka wapi.

Jiwe la kwanza liliwekwa na Papa Nikolasi IV tarehe 13 Novemba 1290. Baada ya miaka michache kuta zikatia mashaka, na Lorenzo Maitani, fundi kutoka Siena, akaitwa kuziimarisha. Mwaka 1310 akafanywa fundi mkuu, kazi aliyoishika hadi kufa kwake 1330. Kazi ya uso wa kanisa iliendelea kwa karibu karne tatu, kwa hiyo usitafute mkono mmoja. Dirisha la duara ni la Orcagna. Milango ya shaba ni ya Emilio Greco, nayo ni ya mwaka 1970 tu. Mozaiki nyingi unazoziona zimerudiwa mara kadhaa na za mwanzo hazipo tena.

Kwa hiyo mozaiki zitazame kwa mbali, kisha sogea karibu kabisa na nguzo nne pana za chini, kwa sababu huko ndiko kwenye kazi bora ya sanaa. Zimechongwa kwenye marumaru na husomwa kutoka kushoto kwenda kulia: uumbaji, unabii wa Agano la Kale, maisha ya Yesu, na hukumu ya mwisho. Kwenye ya kwanza tafuta Hawa akitolewa ubavuni mwa Adamu. Kwenye ya nne, chini, watu walivyofungwa kwa kamba moja na kuburutwa inaumiza kutazama.

Ndani, kuta na nguzo zina mistari myeupe na myeusi: travertino na basalti. Sanamu kubwa za mitume, zilizoondolewa mwaka 1897 kwa kudhaniwa haziendani na kanisa la kale, zilirudishwa mwaka 2019. Ukikuta kitabu cha zamani kinaonyesha kanisa likiwa tupu, ndiyo sababu.

Kikanisa cha San Brizio kinastahili muda gani?

Nusu saa, na shingo yako itauma. Kiko upande wa kulia ukielekea altare kuu. Fra Angelico alianza kuchora dari mwaka 1447 akisaidiwa na Benozzo Gozzoli, kisha kazi ikalala zaidi ya miaka 50. Luca Signorelli alipewa mkataba 1499 na kumaliza 1504. Ni michoro ya kwenye lipu mbichi: fundi hupaka lipu ya eneo analoweza kumaliza siku hiyo tu, kwa sababu rangi hushika kabla lipu haijakauka. Ukitazama kwa makini utaona maungio kati ya kazi ya siku moja na nyingine.

Mchoro wa kutazama kwanza ni ule wa Mpinga Kristo akihubiri. Uso wake unafanana na wa Yesu, ila nyuma yake yuko shetani akimnong’oneza, na mkono unaoonekana kuwa wa mhubiri ni kama wa shetani mwenyewe umepenya vazini. Pembeni kushoto wamesimama wanaume wawili waliovaa kanzu nyeusi: wa mbele ni Signorelli mwenyewe, na wa nyuma hutambuliwa kuwa Fra Angelico. Ukigeuka uwaone waliolaaniwa, miili imejipinda juu ya miili, utaelewa kwa nini husemwa kwamba Michelangelo alijifunza kutokana na kazi hii.

Kisima cha San Patrizio ni kirefu kiasi gani, na kushuka ni kugumu?

Kina mita 53 kwenda chini na upana wa mita 13, na ngazi mbili zenye vidato 248 kila moja. Utashuka 248 na kupanda 248, bila lifti.

Klementi VII aliagiza kichimbwe akiogopa kwamba mji ukizingirwa utakufa kiu kabla ya njaa. Mchoraji ramani wake ni Antonio da Sangallo Mdogo. Kazi iliisha 1537, Klementi akiwa ameshafariki na Paulo III ndiye Papa. Mlangoni kuna maandishi ya Kilatini yenye maana kwamba kile ambacho maumbile yaliinyima ngome, juhudi imekiongeza.

Werevu wake uko kwenye ngazi. Zote mbili zinazunguka shimo moja, moja juu ya nyingine, wala hazikutani ila chini kabisa, kwenye daraja dogo juu ya maji. Nyumbu waliingia mlango mmoja wakishuka na vyombo vitupu, wakavuka daraja, wakatokea mlango wa upande wa pili na maji, bila mnyama mmoja kumpisha mwenzake. (Nyumbu hawa ni wale wazao wa punda na farasi, si wale wa Serengeti.) Ndiyo maana vidato ni vipana na vifupi: vilipimwa kwa kwato. Madirisha 70 yanaleta mwanga kutoka juu kupitia shimo la katikati. Sehemu ya juu imechongwa kwenye tufo lenyewe, na chini, penye udongo usiojishikilia, kuta zimejengwa kwa matofali.

Yanayowasumbua watu ni matatu. Kwanza, kushuka kwa haraka wakidhani kazi ni nyepesi, kisha magoti yanagoma kupanda. Pili, jasho la kiangazi: chini kuna baridi na unyevu, beba shati la mikono mirefu. Tatu, viatu vya soli laini, maana vidato vya chini huteleza. Mwenye moyo dhaifu au mjamzito atazame kupitia madirisha ya juu kisha arudi, asione haya.

Jina la San Patrizio, yaani Patrick wa Ireland, lilikuja baadaye sana. Kwa Waitaliano “kisima cha San Patrizio” ni msemo pia: mfuko usiokauka pesa.

Chini ya mji kuna nini?

Mapango zaidi ya 1,200 yaliyochimbwa na watu kwa muda wa miaka 2,500 hivi. Mengi ni mali binafsi chini ya nyumba. Yanayofunguliwa kwa umma hutembelewa na mwongozaji tu, kwa kundi, kama saa moja, na ziara huanzia uwanja wa kanisa kuu. Utaona visima vya Waetruski vyenye umbo la mstatili, takribani sentimita 80 kwa 120, na mashimo ya kukanyagia yaliyochongwa pande mbili zinazotazamana ili mchimbaji apande kama buibui. Kuna kinu cha kukamulia zeituni, na vyumba ambavyo ukuta mzima umejaa vijishimo vya mraba.

Vijishimo hivyo si makaburi. Ni viota vya njiwa. Ndege waliruka nje kupitia dirisha kwenye ukuta wa jabali, wakajitafutia chakula bondeni, wakarudi kulala, na mwenye nyumba akapata nyama hata mji ukiwa umezingirwa. Njiwa bado wamo kwenye vyakula vya Orvieto.

Baadhi ya vichochoro ni vyembamba kiasi cha kupita upande upande. Asiyependa mahali pa kubana aulize kabla ya kulipa.

Ni kweli mji unaporomoka?

Kingo zake zilikuwa zinaporomoka, na hali ikawa mbaya miaka ya 1970. Maji ya mvua na ya mabomba mabovu yalipenya kwenye nyufa za tufo na kulowesha udongo wa chini. Udongo ukilowa huteleza, na jiwe lililo juu yake hubaki halina pa kukalia, likapasuka vipande. Bunge la Italia lilitunga sheria maalumu mwaka 1978. Mabomba ya maji safi na maji taka yakajengwa upya, miteremko ikawekewa mifereji, na ukuta wa jabali ukashonwa kwa nondo ndefu za chuma. Unaweza kuukagua mwenyewe kwa miguu: njia ya Anello della Rupe inazunguka jabali lote chini ya kuta, karibu kilomita 5.

Nafikaje kwa treni?

Kutoka Roma Termini panda treni ya kawaida ya mkoa au Intercity. Safari huchukua kati ya saa moja na dakika kumi hadi saa moja na nusu. Kutoka Firenze ni saa mbili hivi. Treni za kasi kubwa karibu zote hupita bila kusimama, kwa hiyo usinunue tiketi ya gharama ukidhani utafika mapema.

Makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni jukwaa: pale Termini treni za mkoa huweza kuondokea majukwaa yenye neno “Est”, ambayo yako mbali, mwendo wa dakika kama kumi. La pili ni tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa: lazima uigonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Ile ya simu huthibitishwa kwenye simu yenyewe. Tiketi halali isiyogongwa hukupatia faini, na kusema hukujua hakusaidii.

Ukitoka stesheni, vuka barabara. Treni ya kamba iko mbele yako, hupanda kila baada ya dakika chache na kufika juu, Piazza Cahen, kwa dakika mbili tatu. Ilifunguliwa 1888 ikiendeshwa kwa uzito wa maji: behewa la juu lilijazwa tangi, likashuka kwa uzito wake na kulivuta la chini. Ilifungwa 1970 na kurudi mwaka 1990 kwa umeme, kama sehemu ya mpango wa kupunguza magari juu ya jabali. Tiketi hiyohiyo hutumika kwenye basi dogo la kwenda kanisa kuu. Treni ya kamba hulala mapema usiku, kwa hiyo angalia saa ya mwisho kabla ya kuagiza chakula cha jioni.

Na kwa gari?

Toka barabara kuu ya A1 kwenye njia ya Orvieto na uache gari chini, Campo della Fiera, ambako kuna ngazi za umeme na lifti hadi juu. Usifuate ramani ya simu mpaka katikati ya mji. Maeneo yenye alama ya ZTL, yaani yasiyoruhusu magari bila kibali, yana kamera, na faini hukufuata nyumbani miezi kadhaa baadaye, pamoja na ada ya kampuni iliyokukodisha gari.

Siku moja inatosha? Nipange vipi?

Inatosha ukifika kabla ya saa nne asubuhi. Anza na kisima, kwa sababu kiko hatua chache kutoka treni ya kamba na miguu bado ina nguvu. Panda Corso Cavour kwa miguu hadi Torre del Moro, mnara wa mita 47 unaoonyesha mji mzima. Siku za Alhamisi na Jumamosi asubuhi pitia soko la Piazza del Popolo. Kula. Mchana, makanisa madogo na maduka yakiwa yamefungwa, ingia mapangoni. Kanisa kuu liwe la alasiri. Mwisho shuka magharibi hadi San Giovenale, kanisa la mwaka 1004 kwenye ukingo wa jabali, kwenye mtaa tulivu kuliko yote.

Ukiona vituo zaidi ya vitatu vya kulipia, uliza tiketi ya pamoja iitwayo Carta Unica. Jumapili asubuhi kanisa kuu ni la ibada, watalii husubiri. Mabega na magoti yafunikwe; kanga moja begani inamaliza tatizo.

Nile nini, hasa kama sili nguruwe?

Umbrichelli: tambi nene za unga na maji, husokotwa kwa mkono, kwa mchuzi wa nyanya, uyoga au tartufo (uyoga wa thamani unaomea chini ya ardhi). Sema “senza maiale”, yaani bila nguruwe, na uulize hata kwa mchuzi wa nyanya, maana vipande vidogo vya nyama hutiwa bila kutajwa. Lumachelle, mkate uliojiviringisha kama konokono, kwa kawaida una nguruwe ndani. Cinghiale ni nguruwe pori. Divai nyeupe ya hapa ina jina kubwa. Hakuna anayekulazimisha, maji huagizwa tu. Jikoni nyingi hufungwa saa nane na nusu mchana, na bili huja na “coperto”, ada ya kukaa mezani. Si wizi.

Visa?

Wenye pasi za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji visa ya Schengen: siku 90 ndani ya siku 180, na bima ya afya ya angalau yuro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi nyingine ya Schengen hahitaji visa, ila abebe kibali na pasi.

Naweza kuunganisha na Bolsena au Civita di Bagnoregio?

Kwa gari ndiyo, zote ziko umbali wa kilomita 20 hivi. Kwa basi chagua moja, na siku ya kazi: mabasi ni machache na Jumapili unaweza kukwama. Civita, mji mdogo wa kale juu ya kilima, huingiwa kwa daraja la miguu lenye mwinuko mkali mwishoni, na hulipiwa.